Je, Wajua? Kwa Nini Kotabeki Hulindwa Kama Yai, na Bado Timu Hukosea Kumchagua

Kila Februari, Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Marekani, inapoanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, anayeitazama kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile. Hawa watu wanagongana, wanabebana na kubwagana, na hakuna anayejali. Lakini yuko mmoja ambaye akiangushwa vibaya kidogo tu, kitambaa cha njano kinaruka hewani na mwamuzi anahesabu yadi 15 za adhabu. Huyo ni kotabeki, anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Kwa nini yeye?

Jibu la haraka ni fedha, na si uongo. Mwaka 2024 Dallas Cowboys walimpa Dak Prescott mkataba mpya wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka, ilhali hajawahi kuifikisha timu hiyo Super Bowl hata mara moja. Hakuna tajiri anayetaka kuona mtu wa bei hiyo akitazama mechi akiwa ameshika magongo. Ila bei hiyo yenyewe imeletwa na uhaba. Ligi ya NFL ina timu 32, na ukimwomba shabiki mkongwe akutajie makotabeki anaowaamini kweli, wengi hukwama kabla ya kufika 15. Timu ikimpoteza wa kwake msimu ukiwa katikati, haina pa kumpata mwingine wa kiwango hicho.

Na kazi yenyewe inamwacha wazi. Anapotaka kurusha anarudi nyuma hatua chache, na wenzake watano wa safu ya mbele wanamjengea ukuta unaoitwa poketi. Ukuta huo husimama sekunde mbili na nusu, labda tatu. Muda wote huo yeye anatazama mbali, kifua kiko wazi, mkono uko juu, uzito wa mwili umehamia mguu wa mbele. Hawezi kujikinga, na mara nyingi hata hamwoni anayekuja. Novemba 1985 Joe Theismann wa Washington aliangushwa na Lawrence Taylor wa New York Giants katika mechi iliyorushwa kwenye televisheni nchi nzima. Mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya, na hakucheza tena.

Adhabu ya yadi 15 kwa kumchezea rafu mrushaji haikuanza jana; NFL iliiweka mwaka 1938. Kilichobadilika ni kwamba baada ya majeraha kadhaa makubwa sheria imeongezwa vipengele. Januari 2006, katika mechi ya mtoano, Carson Palmer wa Cincinnati aliachia pasi yake ya kwanza, ndefu na tamu, na papo hapo mkabaji wa Pittsburgh akamwangukia gotini. Goti likachanika. Msimu uliofuata wakabaji wakaambiwa wasimguse mrushaji gotini wala chini yake pale wanapoweza kuepuka. Septemba 2008 ikawa zamu ya Tom Brady, katika robo ya kwanza ya mechi ya kwanza ya msimu: Bernard Pollard wa Kansas City, akiwa tayari ameangushwa chini, alijirusha mbele akamfikia goti la kushoto. Brady alikosa msimu wote. Mwaka 2009 ikafafanuliwa kwamba hata aliye chini haruhusiwi kujirusha miguuni pa kotabeki, na mpaka leo mashabiki wanaiita sheria ya Brady. Wachezaji wa nafasi nyingine, ambao magoti yao yamechanika kwa mamia, mara nyingi bila kuzaa sheria, wana haki ya kucheka kidogo.

Kipengele kilicholeta ugomvi mkubwa zaidi ni cha uzito wa mwili. Oktoba 2017 Anthony Barr wa Minnesota alimwangukia Aaron Rodgers wa Green Bay na kumvunja mtulinga. Mwaka 2018 waamuzi wakaagizwa kukaza: mkabaji asimwangukie kotabeki kwa uzito wake wote, au karibu wote. Tazama kilichotokea Septemba hiyo. Green Bay wanaongoza kwa pointi nane, dakika zinaisha, Kirk Cousins wa Minnesota anarusha mpira na Jaire Alexander wa Green Bay anaudaka. Mechi imekwisha. Lakini Clay Matthews wa Green Bay alikuwa amemfikia Cousins mpira ukitoka mkononi, akamkumba na kwenda naye chini. Kitambaa cha njano. Mpira ukarudishwa kwa Minnesota, wakafunga na kusawazisha, na mechi ikaisha 29 kwa 29. Wiki iliyofuata Matthews aliadhibiwa tena, safari hii kwa kumkaba kiunoni Alex Smith wa Washington na kutua juu yake. Jumapili hiyo hiyo William Hayes wa Miami, akimwangusha Derek Carr wa Oakland, alijitahidi kujipindua ili asimlalie. Akaumia goti, msimu wake ukaishia hapo.

Mimi nasema kipengele hiki kinamtaka mkabaji afanye jambo ambalo mwili wa kilo 120 unaokimbia hauwezi kulifanya kila mara. Yeyote aliyecheza raga analijua hilo. Ukimshika mtu kiunoni mkiwa mwendoni, atakayekuwa juu anaamuliwa na ardhi. Sijui Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kama mkabaji, angeyapokeaje maagizo hayo ya 2018.

Hata hivyo ulinzi huu una mipaka. Kotabeki aliyebanwa ndani ya poketi haruhusiwi kuutupa mpira mahali pasipo na mwenzake ili tu asiangushwe. Akifanya hivyo timu inarudishwa yadi 10 na kupoteza jaribio moja kati ya manne inayopewa ili kusogea yadi 10. Akitoka kwenye poketi na kuamua kukimbia, anageuka kuwa mkimbiaji wa kawaida na anakabwa kama wengine. Njia yake ya kujiokoa ni kuteleza chini miguu ikitangulia. Tangu 1985, kwa NFL, akifanya hivyo mpira umekufa pale pale na kumgusa ni kosa.

Ruhusa hiyo ya kuteleza ndiyo iliyompa umaarufu kijana mmoja wa chuo. Desemba 2021, kwenye fainali ya kanda yao dhidi ya Wake Forest, Kenny Pickett wa chuo cha Pittsburgh alikimbia katikati ya uwanja, akapunguza mwendo na kupinda magoti kama anayetaka kuteleza. Wakabaji wakasimama, maana kumgusa ni yadi 15. Yeye akanyanyuka na kuendelea mpaka mwisho, yadi 58. Siku chache baadaye wasimamizi wa michezo ya vyuo wakatangaza kwamba kotabeki akianza tu kuigiza hivyo, mpira unahesabiwa kuwa umekufa.

Miezi michache baadaye Pickett yuleyule alikuwa Indianapolis, mahali ambapo NFL hukusanya vijana wa vyuo kila mwaka kuwapima kabla ya drafti, yaani siku ambazo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, zilizofanya vibaya zikitangulia. Na gumzo halikuwa akili yake wala ujanja ule. Lilikuwa kiganja. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kilipimwa inchi 8 na nusu, chini ya sentimita 22, na watu wakajiuliza kama ataweza kuushika mpira wenye maji. Joe Burrow alipopimwa inchi 9 mwaka 2020 aliandika mtandaoni kwa utani kwamba anafikiria kustaafu. Cincinnati walimchagua wa kwanza, na msimu wake wa pili akawapeleka Super Bowl.

Maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, hung'ang'ania viganja, urefu na nguvu za mkono kwa sababu hivyo vinapimika. Kisichopimika ni zile sekunde mbili na nusu. Ukikaa na mtu anayekagua video za makotabeki wa vyuo utaona haangalii mpira unakwenda wapi. Anaangalia macho ya kijana pale ukuta unapoanza kubomoka. Wengine macho yanabaki juu, yanatafuta mpokeaji wa pili na wa tatu, huku miguu ikisogea hatua moja pembeni. Wengine macho yanashuka kuwatazama wanaokuja. Yakishashuka, shambulizi limekufa hata kama hajaguswa.

Shida ni kwamba chuo hakionyeshi wakati huo mara nyingi. Kotabeki wa chuo kikubwa husimama nyuma ya vijana wa kilo 140 ambao baadhi yao wataingia NFL, wakipambana na chuo kidogo kisicho na mtu wa kuwatikisa. Anarusha kwa mpokeaji aliye peke yake. Video ya namna hiyo inapendeza na haisemi kitu. Kuna pia tofauti za sheria. Chuoni walinzi wa mbele, wale wanaojenga ukuta, wanaweza kusogea yadi 3 mbele mpira ukiwa bado haujarushwa, NFL ni yadi 1 tu, kwa hiyo hila nyingi za kuwachanganya wakabaji zinabaki chuoni. Chuoni mpokeaji anatosheka kutua na mguu mmoja ndani ya mstari, NFL lazima yote miwili. Pasi iliyoitwa safi Jumamosi, siku ya vyuo, ingekuwa bure Jumapili, siku ya NFL.

Hata takwimu zinahesabiwa kivingine, na hili huwapiga chenga wengi. Chukua kotabeki aliyekimbia yadi 60 katika mechi, kisha akaangushwa na mpira mara kadhaa nyuma ya mstari wa kuanzia shambulizi kwa jumla ya yadi 30. NFL itamwandikia yadi 60 za kukimbia. Chuoni ataandikiwa 30, kwa sababu kule kuangushwa kunakatwa kwenye mbio zake. Anayelinganisha karatasi bila kulijua hilo atamwona kijana mwenye kasi kuwa mzito.

Matokeo yake ni orodha ndefu ya aibu. Mwaka 2000 makotabeki sita walichaguliwa kabla ya Tom Brady, aliyeondoka nambari 199. Akatwaa Super Bowl saba. JaMarcus Russell, mwenye mkono wa ajabu, alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007 na baada ya misimu mitatu hakuwa na timu. Josh Allen alitoka chuo cha Wyoming akiwa anafikisha asilimia 56 tu ya pasi zake, na wajuzi wakasema usahihi haufundishiki. Msimu wa 2024 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Brock Purdy alikuwa mtu wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022, nambari 262, na Februari 2024 alianza katika Super Bowl. Mwaka 2023 matokeo ya mtihani wa wepesi wa akili yalivuja na kumchafua C.J. Stroud. Msimu huo huo akawa mchezaji mpya bora wa upande wa ushambuliaji.

Kosa ambalo halisemwi sana ni kumhukumu kotabeki bila kuhukumu ukuta wake. Houston Texans walipoanzishwa kama timu mpya ya ligi, walimchagua David Carr wa Fresno State awe wa kwanza katika drafti ya 2002. Timu haikuwa na ukuta. Msimu ule wa kwanza Carr aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya NFL ambayo haijavunjwa. Mwaka 2005 ikawa mara 68. Ni vigumu kusema kama alikuwa mbovu au alibomolewa, na sheria za kumlinda mrushaji hazikumsaidia, kwa sababu nyingi ya zile 76 zilikuwa halali kabisa. Sheria inakataza namna ya kumwangusha, haikatazi kumfikia.

Kusema kweli lawama hazimwendei mlinzi peke yake. Yapo makotabeki wanaokaa na mpira mpaka ukuta uchoke, na wachambuzi siku hizi huhesabu ni mara ngapi kijana akibanwa huishia chini, kwa sababu tabia hiyo humfuata kutoka chuoni. Caleb Williams, wa kwanza katika drafti ya 2024, alikuwa nayo tangu chuoni, na msimu wake wa kwanza Chicago aliangushwa mara 68. Timu ilipima pande zote mbili. Ikaleta kocha mpya na kununua walinzi watatu wa katikati kabla ya msimu wa 2025.

David Carr ana mdogo wake, Derek, yule yule ambaye William Hayes alijipindua ili asimlalie. Naye alitoka Fresno State, na drafti ya 2014 ilipokaribia minong'ono ilikuwa juu ya chuo na jina la ukoo kuliko pasi zake. Makotabeki watatu walichaguliwa kabla yake. Oakland wakamchukua wa 36, na alicheza misimu 11.