Kukataa maji si kukataa damu

Nimeambiwa tena, mara hii na kijana wa chuo aliyenitembelea hapa Malindi: "Mwalimu, utando unaokataa maji ndio mzuri kwa sensa ya damu (kifaa kidogo cha kupimia damu), hakuna kitakachonata." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, sasa naliandika.

Tone la maji juu ya Teflon husimama kama shanga, pembe ya mgusano, yaani ile kati ya uso na ukingo wa tone, ikiwa nyuzi 110 hivi. PDMS, ile silikoni tunayotengenezea vijifereji vya kupitishia damu, iko karibu hapohapo. Mwagia seramu sasa, yale majimaji ya damu iliyokwisha ganda. Dakika chache tu, albumini, protini iliyojaa humo, imeshatanda. Protini ina sehemu zinazokimbia maji, nayo huzikunjia ndani. Ikigusa uso usiopenda maji hujikunjua, sehemu hizo zikajilaza pale, na mara nyingi haing'oki hata ukiosha. Kwa hiyo uso unaokataa maji ndio mara nyingi unaozoa protini kwa wingi, na kingamwili ulizozipanda kwa taabu juu ya sensa ili zinase unachokipima zinafunikwa.

Najua picha iliyo vichwani mwa watu: maji juu ya jani la myugwa. Jani lile halinusuriki kwa nta peke yake. Lina vinundu vidogo mno vinavyobana hewa chini ya tone. Protini zikishavipaka vinundu hivyo, maji hupenya, hewa hutoka, na tone halibingiriki tena.

Basi tupake kinachopenda maji? Mara nyingi ndiyo. Kijiti cha kupimia sukari hunyonya damu chenyewe kwa sababu njia yake inalowa. Minyororo ya PEG, polima inayopenda maji, ikipandwa kwa msongamano wa kutosha, hushikilia maji na protini hukosa pa kutua. Kwa nini hasa, wenyewe bado tunabishana: wengine wanasema ni yale maji yaliyoshikwa, wengine wanasema ni minyororo inayokataa kubanwa. Mimi naegemea maji, ila sina ushahidi wa kumnyamazisha mtu. Tena kioo safi hulowa kabisa na bado hushika protini, kwa hiyo pembe peke yake haikuambii kitu cha mwisho.

Nipeni pembe mbili: ya tone linalosonga mbele unapoongeza maji na ya tone linalorudi nyuma unapoyanyonya. Sindano ya insulini, simu na karatasi nyeupe nyuma yake vinatosha kuziona. Tone likinyonywa na ukingo wake ukakwama palepale, uso huo una madoa au ukwaru, hata kama namba ya kwanza ilipendeza.

Na msiniletee namba bila saa. PDMS iliyotoka kwenye plasma ya oksijeni (si ya damu, ni gesi iliyochajiwa umeme ili kuufanya uso upende maji) hulowa chini ya nyuzi 10, kisha minyororo mifupi ya silikoni iliyo ndani hupanda juu na uso unarudia tabia yake. Joto huharakisha. Niliwahi kuziacha chipu zangu, vile vibao vya PDMS vyenye vijifereji, wiki nzima kwenye chumba chenye joto la pwani. Damu ikagoma mlangoni, kazi yote ikapotea. Siku hizi nazitia ndani ya maji safi mara tu zinapotoka, kwenye kopo lenye kifuniko, na saa naiandika juu yake kwa kalamu ya wino.