"Sayansi tutawaachia wataalamu": dhana potofu kuhusu kusoma sheria pamoja na usimamizi wa mazingira

Kila mwaka, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa na vijana wakaanza kupanga kozi zao katika mtandao wa KUCCPS, shirika linalowapangia nafasi za vyuo, ofisi yetu hapa Nairobi huwapokea wazazi na watoto wao wanaotaka kujua kama inafaa kusoma sheria pamoja na usimamizi wa mazingira. Mimi ni wakili, na pia nimesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, kuwa mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, kwa hiyo swali hilo huletwa kwangu, nami hulipokea kwa furaha. Kinachonichosha ni kauli moja inayoandamana nalo. Juma lililopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini: kwamba sheria ndiyo kozi yenyewe, na mazingira ni ya kupamba cheti tu, sayansi tutawaachia wataalamu.

Dhana: "Wakili hana haja ya kujua sayansi, kwa kuwa atamwita mtaalamu."

Mtaalamu hujibu anachoulizwa, na wakili asiyeijua sayansi hajui la kuuliza. Nilipomsikia kijana yule, sikubishana naye. Nilimpa faili ya zamani ambayo nilikuwa nimeyafunika majina yake, ndani yake ripoti ya maabara ya ukurasa mmoja kuhusu maji taka ya kiwanda fulani, nikamwomba aniambie kama kosa limetendeka. BOD, kipimo cha uchafu ambacho nitakieleza hapa chini, ilikuwa miligramu 410 kwa lita, na vitu vigumu vinavyoelea majini vilikuwa miligramu 190 kwa lita. Alifungua Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, akapata jedwali linaloweka kikomo cha BOD kuwa 500 na cha vitu vinavyoelea kuwa 250, akaandika pembeni mwa ukurasa kwa kalamu nyekundu kwamba hakuna kosa lolote. Alikuwa amesoma vizuri, lakini amesoma jedwali lisilohusika. Viwango hivyo ni vya maji taka yanayoingizwa katika mabomba ya umma ya kuondolea maji machafu, ambako yatasafishwa kabla ya kufika popote. Sampuli yetu ilichotwa katika mfereji unaomwagikia mtoni moja kwa moja, na kwa maji yanayoachiliwa katika mazingira, kikomo cha vipimo vyote viwili ni miligramu 30 kwa lita. Kiwanda alichokitangaza hakina hatia kilikuwa kimepita kikomo cha BOD zaidi ya mara 13.

Nilimwomba aitazame ripoti hiyo tena, sasa kwenye mistari midogo ya juu ambayo wanasheria wengi huiruka. Sampuli ilichotwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, maabara ikaipokea Jumatatu asubuhi, na pale palipostahili kuandikwa jotoridi la sampuli wakati wa kupokelewa paliachwa wazi. BOD ni kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia wanapokula uchafu ulio majini, nacho huchukuliwa kwa kuiweka sampuli katika nyuzi 20 kwa muda wa siku 5. Sampuli isipowekwa kwenye barafu, vijidudu huendelea kula humo chupani siku zote hizo kabla maabara haijaanza kazi, na tarakimu inayotoka aghalabu huwa ndogo kuliko hali halisi ya mfereji. Ukiwa upande wa wakazi wa ng'ambo ya mto, una sababu ya kusema kwamba hata hiyo 410 imepunguka. Ukiwa wakili wa kiwanda, una sababu ya kusema kwamba kipimo chote hakiaminiki na kitupwe. Upande wowote utakaokuwa, pale palipoachwa wazi ndipo kesi ilipo, na hakuna mtaalamu atakayekunong'onezea hayo katikati ya mahojiano ikiwa hukumuuliza kabla ya kuingia mahakamani.

Jambo hilohilo lipo katika kazi ya kila siku ya kununua ardhi, ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi ya mazingira. Mteja huleta hati safi ya kiwanja kilicho kando ya mto, labda Kileleshwa au Ruaka, wakili akaitafuta katika masjala ya ardhi, akaona haina deni wala pingamizi, akamwambia mteja alipe. Kanuni zile zile za 2006 zinakataza kulima au kujenga katika ukingo wa mto kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, na vipimo hivyo hutegemea alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Alama hiyo haimo katika hati. Imo kwenye udongo na kwenye kumbukumbu za mtiririko wa mto, na anayeweza kuisoma ni mtu aliyefundishwa haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, hata kidogo. Mwaka 2018 jengo la maduka la South End, kwenye Barabara ya Lang'ata, lilibomolewa mchana kweupe kwa sababu ya kusimama katika ukingo wa mto, na tangu hapo ninashangaa kwamba mwanafunzi wa sheria wa Nairobi anaweza kuhitimu bila kupelekwa hata siku moja kusimama ukingoni akiwa na utepe wa kupimia.

Ikiwa bado kuna anayedhani kwamba haya ni mambo madogo ya kiufundi, aisome kesi ya Owino Uhuru. Wakazi wa kijiji hicho cha Mombasa waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha madini ya risasi, yenye sumu, kutoka katika betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, kisha mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Haki ya mazingira safi na salama imeandikwa katika Ibara ya 42 ya Katiba, na kuitaja hakumchoshi mtu. Kazi kubwa katika kesi ya namna hiyo ni kuonyesha kwamba risasi iliyo katika damu ya mtoto ilitoka mahali fulani na si kwingine, na kazi hiyo hufanywa kwa vipimo vya damu na vya udongo vinavyosomwa pamoja.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayesoma fani hizi mbili huwa mmoja, na huwa siulegezi. Soma takwimu, na uisome mapema, kabla hujajaza nafasi zako kwa masomo ya sera ambayo mtu mwenye bidii anaweza kujisomea mwenyewe maktabani. Baada ya takwimu, soma haidrolojia au kemia ya maji. Kisha umwombe mhadhiri yeyote anayechukua sampuli katika Mto Ngong, kule Eneo la Viwanda, akuruhusu umbebee kasha la barafu kwa siku moja. Utajifunza kwa nini chupa hujazwa hadi juu bila kuacha hewa, kwa nini saa huandikwa palepale, na kwa nini anayechota huanza upande wa mto ulio juu ya bomba la maji taka kabla ya kwenda upande ulio chini yake. Siku utakapomhoji shahidi kuhusu chupa hiyo, utajua anachosema na anachokiacha.

Dhana: "Ukweli wa kisayansi utajitetea wenyewe."

Hii ni dhana ya wale wanaokuja kutoka upande wa pili, yaani waliopenda mazingira tangu shuleni na wanaoiona sheria kuwa vifungu vya kukariri. Mwaka 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa kuhusu leseni za NEMA, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu. Vijana wengi huniambia kwamba leseni ilifutwa kwa kuwa makaa ya mawe ni machafu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, tena tathmini haikuipa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 uzito unaostahili. Utaratibu ndio ulioiangusha leseni. Na utaratibu una kalenda yake: chini ya EMCA, sheria kuu ya mazingira ya Kenya, anayepinga leseni mbele ya Jopo hilo anapewa siku 60, na nimewaona wanaikolojia hodari wakiitumia miezi mitatu kukamilisha ripoti nzuri sana ambayo haikuwa tena na pa kupelekwa.

Niongeze hapa, kwa kuwa linanigusa, kwamba mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuzuia jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru, kesi yake ilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwani hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Leo Ibara ya 70 ya Katiba inasema wazi kwamba mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Mwanafunzi anayeviita vifungu kuwa vya kukariri na akumbuke kilichokosekana siku ile.

Dhana nyingine nitazijibu kwa kifupi.

Kusoma shahada mbili hakumpunguzii mtu njia ya uwakili. Baada ya shahada ya sheria bado utakwenda Kenya School of Law kule Karen, utafanya mitihani, na utakaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Vivyo hivyo, uzamili wa sheria ya mazingira, kama ule unaofundishwa na kituo cha CASELAP cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ni masomo mazuri, lakini haumfanyi aliyesoma jiografia kuwa wakili.

Si lazima kwenda ng'ambo. Ni kweli kwamba vyuo vikuu kadhaa vya Australia huziunganisha shahada hizi mbili katika programu moja, na mzazi mwenye uwezo haraka huvutiwa. Hata hivyo cheti cha sheria cha nje lazima kitambuliwe na Council of Legal Education, baraza linalosimamia elimu ya sheria, kabla hakijakufaa hapa, na EMCA pamoja na sheria zetu za ardhi hutazikuta katika mtalaa wa huko. Anayesoma shahada ya sheria hapa nyumbani, kisha akafanya diploma au uzamili wa usimamizi wa mazingira, hufika palepale.

Kuna mama aliyeniambia kwamba kesi za mazingira hazina malipo ila kwa mashirika ya misaada. Nilimwonyesha rafu ya faili zetu: benki zinazotaka uhakika kabla ya kukopesha, wajenzi wa nyumba za kupanga, na viwanda ambavyo sheria inavitaka vifanye ukaguzi wa mazingira. Akanyamaza, kisha akaniuliza mwanawe aanzie wapi.

Mwisho ni dhana kwamba cheti cha usimamizi wa mazingira peke yake kinakuruhusu kuandika ripoti za tathmini. Hakikuruhusu. Lazima usajiliwe na NEMA na uwe na leseni ya mwaka husika, kama wakili anavyotakiwa kuwa na cheti chake cha kila mwaka. Na hata ukiwa na leseni zote mbili, usizitumie katika faili moja. Kanuni ya 9 ya Kanuni za Utendaji wa Mawakili inamzuia wakili kuiendesha kesi ambayo anaweza kuitwa awe shahidi, na aliyeiandika ripoti ya tathmini anaweza kuitwa wakati wowote kuieleza. Mteja akikuomba umwandikie ripoti na pia umtetee kwa bei moja, mwambie achague moja, na hiyo nyingine umpeleke kwa mwenzako siku hiyohiyo.