Tekscha inatoka nyeusi tii? Angalia filta kwanza

Juzi nimeulizwa tena lile swali lililoninyima usingizi siku mbili wakati naanza grafiki za gemu: kaka, tekscha (picha ya kuvisha umbo) nimepakia, shada (programu ndogo ya kuchora inayoendeshwa na GPU, chipu ya michoro) imekompaili, UV (namba za kuonyesha picha inakaa wapi kwenye umbo) ziko sawa, hakuna erra hata moja, mbona boksi linatoka jeusi tii? Mara nyingi mchawi ni filta, yaani mpangilio wa jinsi tekscha inavyosomwa ikikuzwa au ikipunguzwa kwenye skrini.

Kwenye OpenGL, mfumo wa amri za kuchora grafiki, tekscha inazaliwa na mipangilio yake hata kama hujaigusa. Filta ya kukuza, GL_TEXTURE_MAG_FILTER, inakuja na GL_LINEAR, hiyo haina neno. Ya kupunguza, GL_TEXTURE_MIN_FILTER, ndo inakuja na GL_NEAREST_MIPMAP_LINEAR, yaani GPU inategemea ikute mipimapu (nakala ndogondogo za picha) zote na wewe umeipa picha moja tu. Basi kwake hiyo tekscha haijakamilika, shada ikiisoma inapata weusi, na glGetError (amri ya kuuliza makosa) haisemi kitu kwa sababu kisheria hujakosea popote. Dawa ni ama uite glGenerateMipmap ukishapakia picha, ama uweke GL_LINEAR kwenye filta ya kupunguza.

Lakini usikimbilie GL_LINEAR kwa sababu tu weusi umeondoka. Kwenye gemu langu la daladala nilifanya hivyo, karibu na kamera barabara ilikuwa safi kabisa ila kule mbele mistari ya zebra ikawa inachezacheza kila gari likisogea. Kule mbali pikseli moja ya skrini inafunika makumi ya tekseli (pikseli za tekscha), GL_NEAREST inachukua moja, GL_LINEAR inachukua nne, zilizobaki hakuna anayezisoma, halafu kamera ikisogea kidogo zinaguswa nyingine kabisa ndo maana picha inatetemeka. Mipimapu ni picha ileile imeshapunguzwa nusu kwa nusu mapema, 1024 kwa 1024, halafu 512, 256, mpaka 1 kwa 1, jumla levo 11, na memori inaongezeka kama theluthi moja tu. Lance Williams aliliandika wazo hili 1983 na mpaka leo sijaona kitu kinacholipa kama hiki kwa gharama hiyo.

Sasa ukiweka GL_LINEAR_MIPMAP_NEAREST mtetemo unapungua sana, ila kwenye barabara ndefu utaona mstari pale levo moja inapoachia nyingine, na mstari unakwenda na gari. GL_LINEAR_MIPMAP_LINEAR inasoma levo mbili na kuzichanganya, tekseli nane badala ya nne, mstari unapotea. Hiyo iweke kwenye filta ya kupunguza tu. Ukiiweka kwenye ya kukuza unapata GL_INVALID_ENUM na mpangilio wa zamani unabaki palepale.

Inabaki ukungu. Barabara tunaiangalia kwa kulala, kwa hiyo eneo ambalo pikseli moja inafunika ni refu na jembamba, GPU inachagua levo kwa kufuata ule urefu na kila kitu kinafifia mapema. Hapo ndo anisotropi inapoingia, inachukua sampuli kadhaa kufuata urefu ule. Iliingia rasmi kwenye OpenGL 4.6 mwaka 2017, kabla ya hapo ilikuwa ekstensheni, yaani nyongeza ya hiari. Mi kwenye simu kiwango chake naweka 4 kwa barabara na ardhi tu, kwenye PC 16. Ukuta unaoangaliwa uso kwa uso haufaidiki nayo.

Gemu za pikseli kubwakubwa weka GL_NEAREST kote kote, ukisahau ile ya kukuza mchoro wote unakuwa kama umelowana maji. Vitufe na ikoni zinazochorwa kwa saizi yake halisi hazihitaji mipimapu, usizipotezee memori.

Na kama umebadilisha yote haya na skrini haijabadilika hata chembe, angalia kama kuna sampla (kitu kinachobeba mipangilio ya filta kando ya tekscha) imebaindiwa, yaani imeunganishwa, kwenye ile yuniti ya tekscha, nafasi ambayo shada inasomea tekscha. Tangu OpenGL 3.3 sampla ikiwepo yenyewe ndo inasikilizwa, filta ulizoweka kwenye tekscha hazisomwi kabisa.