Je, usanifu wa michoro ni wa waliojaliwa mkono wa kuchora tu?

Wengi wanaofikiria kuacha kazi za teknolojia, tuseme kuandika programu, ili wajiajiri kama wasanifu wa michoro (wanaobuni mabango, nembo na kurasa) hukwamishwa na imani moja: kwamba kazi hiyo ni ya wenye kipaji cha kuchora, na mgeni anaanzia sifuri.

Imani hiyo ina chanzo chake, maana wapo wasanifu wanaochora vizuri mno. Ila sehemu kubwa ya kazi ni kupanga: herufi, nafasi, rangi, na kipi kionekane kwanza. Na mengi yana vipimo. Miongozo ya kimataifa ya tovuti hutaka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Faili la kuchapwa kwa kawaida huandaliwa kwa rangi za CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi), si RGB (nyekundu, kijani na bluu) za skrini, na picha zake huwa na takriban nukta 300 kwa inchi. Mwandishi wa programu, aliyezoea masharti ya namna hii, hayuko ugenini.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni biashara yenyewe: kukadiria bei, kuandika mkataba, kudai malipo.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, piga picha bango lolote, kisha uiondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kichwa cha maandishi kikizama kwenye mandharinyuma, kasoro ni tofauti ndogo ya mwanga na giza, wala si mkono wa mchoraji. Halafu pitia matangazo kadhaa ya kazi za usanifu, uone mangapi yanadai kuchora kwa mkono.