Ovadraivu ya kujitengenezea: sauti inakwaruzia wapi hasa?

Wapiga gitaa wa hapa Kigoma wakisikia natengeneza pedali za ovadraivu (kiboksi cha kukanyaga kinachoifanya sauti ya gitaa ikwaruze) swali la kwanza ni lile lile, "fundi, umeweka IC gani?", yaani ile chipu ya kukuza sauti. Mtu yuko tayari kuagiza 4558 orijino toka Kariakoo, alipie na mzigo, asubiri basi, wakati sabufa mbovu iliyolala uvunguni kwake mara nyingi inayo hiyo hiyo 4558, tena wakati mwingine mbili. Sasa leo niseme wazi: kwenye hii saketi IC kazi yake ni kukuza tu, ukwaruzaji wenyewe unafanywa na dayodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za bei ya pipi, na tabia ya huo ukwaruzaji inaamuliwa na resista moja (kipande kinachopinga umeme) na kapasita moja (kinachotunza chaji) ambazo hakuna anayeziulizia.

Ninayoiongelea ni familia ya Ibanez TS808, ile pedali ya kijani ya mwaka 1979 ambayo mafundi dunia nzima wameirudia na kuigeuza wanavyotaka.

Mambo ya umeme tuyapitie haraka. Betri ni volti 9, lakini sauti ya gitaa inapanda na kushuka, kwaiyo inahitaji pa kusimama katikati. Resista mbili za 10k (kiloohm 10) zinaigawa ile 9 inakuwa 4.5, kapasita ya 47uF inaituliza, halafu resista ya megaohm 1 inaipeleka pini ya 3 ya IC ambako gitaa linaingilia kupitia kapasita ndogo. Hiyo megaohm msiibadilishe kuwa 10k eti kwa sababu ndo iliyopo dukani, gitaa lisilo na betri ndani likikutana na 10k linapoteza ukali wote, linasikika kama limefunikwa blanketi.

Haya, sasa penyewe. Toka pini ya 1, ambako sauti inatokea, kuna njia inarudi pini ya 2. Kwenye hiyo njia kuna resista ya 51k imefuatana na volyumu ya 500k, hiyo ndo draivu, unayozungusha kuongeza mkwaruzo. Toka pini ya 2 kwenda hasi kuna 4.7k na kapasita ya 47nF, ile iliyoandikwa 473. Ukiifungua draivu yote unapata 551 gawanya kwa 4.7, jumlisha 1, ni kama mara 118. Gitaa likitoa milivolti 100 tu IC inatakiwa kutoa karibu volti 12, na betri yenyewe ni 9! Haiwezekani, na kabla hata hatujafika huko zile dayodi mbili zinaingilia kati.

Dayodi zimefungwa sambamba na hiyo njia yote ya kurudi, toka pini 1 mpaka pini 2, moja imetazama huku nyingine kule. Mpaka volti kati ya pini 1 na pini 2 ifike kama 0.6 zinakuwa kama hazipo. Ikivuka hapo zinafunguka, njia ya kurudi inakuwa nyepesi, ukuzaji unaporomoka toka 118 kuelekea 1. Hapa ndo watu wengi wanapopita haraka: haushuki mpaka sifuri, unaishia kwenye 1, na hiyo 1 ni gitaa lako lenyewe kama lilivyoingia. Kwaiyo pini ya 1 inatoa sauti safi imejumlishwa na ile iliyobanwa, kichwa cha wimbi hakiwi bapa hata siku moja, kinaendelea kufuata mkono wako. Ni mtu mrefu anayeingia kwenye mlango mfupi, anainama anapita na kofia yake. Zile pedali ambazo dayodi zimewekwa baada ya IC kwenda hasi, kama MXR Distortion+, kila kinachozidi kimo cha mlango kinabaki nje, ndo maana zinakwaruza kwa ubishi zaidi.

Na ile 473 je? Nayo inachagua nini kikwaruzwe. Ikiwa na 4.7k mpaka wake unaangukia hezi (mitetemo kwa sekunde) 720 hivi, chini ya hapo ukuzaji unapungua taratibu. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi ni hezi 82, na kwenye hezi 82 hiyo kapasita inapinga kama kiloohm 41, kwaiyo besi inakuzwa mara 13 tu wakati sauti za kati na za juu zinakaribia 118. Matokeo yake kodi, yaani nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja, haigeuki uji. Sisi huku tuliokua na sebene toka ng'ambo ya ziwa tunataka kila uzi usikike, ukiondoa hiyo kapasita ukaweka kubwa ya 1uF utapata mngurumo mzito, mtamu ukiwa peke yako chumbani, lakini bendi ikiingia hakuna anayekuelewa unapiga nini.

Tatizo la spea sasa. Ukienda madukani Mwanga hapa Kigoma kuulizia volyumu ya 500k uwezekano mkubwa utapewa 100k. Chukua, ila usiipachike kichwakichwa. Mimi naweka 100k ifuatane na 10k, halafu ile 4.7k nashusha iwe 1.5k, ukuzaji unacheza kati ya mara 7 na kitu mpaka 74, inatosha kabisa. Lakini ukigusa resista lazima uguse na kapasita, kwa sababu 1.5k na 473 mpaka wake unapanda hadi hezi 2250, pedali inakuwa nyembamba inapiga kelele kama redio ya simu. Weka kapasita za 104 (100nF) mbili sambamba, mpaka unarudi kwenye 530, na 104 kila bodi iliyokufa inazo. Dayodi ni 1N4148, ukikosa hata 1N4007 inafanya kazi. LED mbili nyekundu nazo zinakubali, zenyewe zinafunguka kwenye 1.7 hivi, sauti inakuwa kubwa zaidi na inachelewa kukwaruza. IC weka 4558, weka TL072, weka yoyote ya mpangilio huo, mimi kwenye saketi hii sioni cha kugombania. Ule upande wa pili wa IC usioutumia usiuache unaning'inia, pini 6 iunge na 7, pini 5 iende kwenye ile 4.5.

Kanisani gitaa linaingia mixa moja kwa moja, hakuna amplifaya ya gitaa, na zile spika zenye tarumbeta ya juu zinatoa kila mkwaruzo mpaka unasikia nyuki. Spika ya gitaa ingeukata ukali huo yenyewe. Kwaiyo baada ya pini 1 weka 4.7k halafu kapasita ya 103 (10nF) kwenda hasi, juu ya hezi 3400 inaanza kupunguza, ndo iendelee kwenye volyumu ya kutokea.

Ukimaliza kuchomea pima. Wengi wanapima pini 3, mita ya njano ya bei poa inaonyesha 2.2, wanaanza kung'oa resista. Saketi haina tatizo, ni mita ndo ina megaohm 1 ndani yake, inagawana na ile megaohm yako nusu kwa nusu. Pima pini 1. Ikikaa kwenye 4.5 au juu kidogo, chomeka gitaa.