Nawal El Saadawi hakutumwa na Wazungu

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba Nawal El Saadawi, daktari na mwandishi wa Misri aliyefariki Machi 2021, alipinga ukeketaji kwa sababu alilishwa fikra za Magharibi. Maisha yake yanaonyesha vingine kabisa.

Alizaliwa 1931 katika kijiji cha Kafr Tahla. Akiwa na miaka sita, alitolewa kitandani usiku, akapelekwa bafuni na kukeketwa. Aliposikia uchungu alimwita mama yake amwokoe, kumbe mama alikuwa papo hapo, amesimama kati ya wanawake wale. Nani wa Ulaya alihitajika kumfundisha kwamba jambo lile linaumiza?

Alihitimu udaktari Cairo mwaka 1955, akarudi kijijini kutibu. Huko aliwaona wasichana waliokuwa wakivuja damu baada ya kukeketwa. Alipoandika kuhusu mambo hayo alifukuzwa kazi Wizara ya Afya, mwaka 1972.

Tena, Magharibi yenyewe hakuibembeleza. Alipinga mapatano ya amani ya Camp David kati ya Misri na Israeli, yaliyosimamiwa na Marekani, na alilaani uvamizi wa Marekani nchini Iraq. Septemba 1981 Rais Sadat wa Misri, kipenzi cha Washington wakati ule, alimtia gerezani pamoja na wakosoaji wengine wengi. Mle ndani aliandika kwa penseli ya nyusi aliyopewa na mfungwa mwenzake, juu ya karatasi za chooni. Misri ilipitisha sheria ya kuharamisha ukeketaji mwaka 2008, naye akiwa hai.