"Sisi ni wadogo, nani atatudukua?" na dhana nyingine zinazoyagharimu mashirika

Usemi huu unasikika kwenye SACCO, kwenye shule za binafsi, kwenye zahanati na maduka ya jumla ya Kikuubo, Kampala: wadukuzi wanatafuta benki, sisi tuna nini? Ndio usemi unaowaponza wengi zaidi, kwa hiyo tuanze nao.

Mashambulizi mengi hayaanzi kwa mtu kuchagua jina lako. Programu huzunguka intaneti usiku na mchana ikibisha hodi kwenye kila rauta, kila seva na kila kamera. Ikikuta mlango wazi inaingia, na aliyeituma hajui kama ni hospitali au duka la mbolea. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, hasa kamera za ulinzi, vifaa vya kurekodia picha na rauta. Silaha yake ilikuwa orodha ya nywila za kiwandani zipatazo 60, za aina ya "admin" na "12345". Kama fundi aliyewafungia kamera aliondoka bila kubadilisha nywila, huenda nywila yenu imo kwenye orodha hiyo.

Rauta za MikroTik, zinazopendwa na mafundi wetu, ziligunduliwa mwaka 2018 kuwa na tundu lililomruhusu mtu wa nje kusoma majina na nywila za wasimamizi kupitia Winbox, programu ya kusimamia rauta hizo. Marekebisho yalitoka Aprili mwaka huohuo, lakini kifaa kilichofungwa kabla ya hapo na ambacho hakijasasishwa bado kina tundu lilelile. Ndani ya Winbox ingia System, kisha Packages, bonyeza Check For Updates. Halafu nenda IP, kisha Services: zima telnet, ftp na www, na kwa winbox jaza sehemu ya Available From ili ikubali anwani za ofisini tu. Fungua akaunti mpya ya msimamizi yenye jina lisilo rahisi kukisiwa, kisha futa ile ya "admin". Ni kazi ya nusu saa.

"Tuna antivirusi, tumemaliza." Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Barua pepe inayoiba malipo mara nyingi haina kirusi chochote, kwa hiyo antivirusi haina cha kukamata. Mhasibu anapokea kiungo cha "hati iliyotumwa kwako", anafika kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa Microsoft 365 au Gmail, anaandika nywila. Mwizi anaingia kwenye sanduku lake na hagusi kitu. Anasoma. Baada ya siku kadhaa anajua msambazaji gani anawadai, kiasi gani, anaandika kwa lugha gani, na mkurugenzi husafiri lini. Kisha anaweka kanuni ndani ya sanduku: kila barua yenye neno "invoice" au "payment" ihamie folda isiyofunguliwa na mtu, kama RSS Feeds. Siku ya malipo inapokaribia, mhasibu anapata barua: "Tumebadilisha benki, tafadhali tumia akaunti hii mpya." Barua inaendeleza mazungumzo yaleyale ya nyuma, saini ni ileile. Tofauti pekee ni anwani, ambamo r na n zimekaa pamoja mahali palipokuwa na m. Kwenye kioo cha simu huioni. Msambazaji halisi akiandika kuuliza pesa zake, barua yake inatumbukia folda ile, na wiki zinapita.

Kinga yake haihitaji pesa nyingi. Namba ya akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, kamwe si ile iliyo ndani ya barua. Malipo yasubiri hadi simu ipokelewe, hata kama bosi anaandika kwamba yuko Entebbe anapanda ndege. Haraka ya namna hiyo yenyewe ni dalili. Pili, kila mwezi fungua Rules kwenye Outlook, au Filters na Forwarding kwenye Gmail, ya kila anayegusa fedha, na ufute usichokitambua. Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo. Na ukishagundua uvamizi, kubadilisha nywila hakutoshi: waondoe wote walioingia kwenye vifaa vyote, futa kanuni zile, kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti. Wengi husahau hapo, na mwizi anarudi kesho yake.

Kuhusu hatua mbili, msimbo unaoletwa kwa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini laini ya simu inaweza kubadilishwa kwa ulaghai na msimbo ukaenda kwa mwingine. Kwa mhasibu na msimamizi wa mifumo tumia programu ya kutoa misimbo kwenye simu au ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta.

"Adui yuko nje." Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha alikiri bungeni kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu ya Uganda zilikuwa zimeingiliwa, na wengi walidhani ni kazi ya wadukuzi wa ng'ambo. Februari 2025 waliofikishwa mahakamani walikuwa maafisa wa Wizara ya Fedha. Hukumu ni ya mahakama, lakini hofu ya mashirika madogo inapaswa kuelekea huko pia. Angalia droo ya mhasibu: je, tokeni ya benki ya mkurugenzi, kifaa chake cha kuidhinisha malipo, imo humo, pamoja na PIN kwenye karatasi, ili "kazi isikwame"? Basi sharti la malipo kupita kwa watu wawili lipo kwenye karatasi tu. Anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha, kila mtu akae na tokeni yake, na mfanyakazi anayeondoka afungiwe akaunti zake siku ileile, kabla hajarudisha funguo.

"Tuna nakala, ziko Google Drive." Kunakili kwa papo hapo si kuweka akiba: virusi vya kudai kikombozi vikifunga faili kwenye kompyuta, faili zilizofungwa ndizo zinazopanda mtandaoni. Diski inayokaa imechomekwa nayo hufungwa vilevile. Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa na kirusi cha NotPetya. Seva zake zipatazo 150 zinazotunza utambulisho wa watumiaji zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, zikafutika karibu zote. Iliyopona ni moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine ikawa nje ya mtandao. Data yake ilibebwa mkononi kwa ndege hadi Uingereza. Maersk iliokolewa na kukatika kwa umeme, wewe panga kwa makusudi: diski mbili, zibadilishwe kila Ijumaa, moja ikilala jengo jingine bila kuchomekwa popote. Kila miezi mitatu rudisha faili kadhaa na uzifungue, maana nakala isiyowahi kujaribiwa huweza kuwa tupu.

"Kusasisha kunakula MB." Kweli kunakula. Lakini marekebisho ambayo yangezuia WannaCry, kirusi cha kudai kikombozi, yalitolewa tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Kwenye Windows washa Delivery Optimization, ili kompyuta moja ipakue na nyingine zichukue kutoka kwake ndani ya ofisi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows ya kuiba? Programu ya kuifungua mara nyingi hukuomba uzime antivirusi kwanza. Jiulize kwa nini.

"Tovuti ina kufuli, ni salama." Alama ya kufuli kwenye kivinjari huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tovuti ya mwizi nayo hupata kufuli, tena bure.

"Tukidukuliwa, tunyamaze." Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inataka taarifa itolewe mara moja pale taarifa binafsi za watu zinapofikiwa na asiye na ruhusa, na anayepokea ni Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Kampuni inayopatikana na hatia inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Saa ya kwanza ifanye hivi: chomoa kebo ya mtandao na uzime Wi-Fi, lakini usizime kompyuta wala kuifuta, kwa kuwa alama za mwizi zimo kwenye kumbukumbu yake. Piga benki au kampuni ya pesa za simu uombe muamala uzuiwe, kabla pesa hazijahamishwa tena. Kisha nenda polisi na saa za matukio zikiwa zimeandikwa, pamoja na barua pepe yenyewe kama faili, si picha yake.